Sanduku la Binti wa Mkunga

Kila mtu mtaani alimwita Sista, hata mumewe. Alikuwa mkunga mkuu wa wodi ya wazazi, mwanamke mrefu mwenye shingo iliyonyooka na viatu vyeupe visivyojua tope. Alipopita asubuhi kwenda zamu, wanaume waliokuwa vibarazani walishusha miguu na kurekebisha kauli zao. Wenye wivu walisema anajisikia. Alijua tu thamani yake, basi, na alitaka wengine nao waijue. Alikuwa amesoma wakati ambao wenzake wa rika lake walikuwa wakiolewa, na cheti chake kilining'inia sebuleni, juu kuliko saa ya ukutani.

Wodini alikuwa na sheria moja aliyoilinda kwa jino na ukucha: mgonjwa hadanganywi. Ndugu walimvuta pembeni, mlangoni pale, wakamnong'oneza, "Sista, usimwambie kwanza, atashtuka." Naye jibu lake halikubadilika. "Mwili ni wake na habari ni yake. Atashtuka, kisha atapumua." Kisha aliingia, akaketi ukingoni mwa kitanda, akalisema neno lenyewe bila kulizungusha. Wengi walilia, lakini hakuna aliyerudi baadaye kumlaumu.

Mumewe alikuwa seremala. Karakana yake ilikuwa uani, chini ya bati, na maranda yake yaliingia hadi jikoni kwa nyayo za kila mtu. Alikuwa mpole, mtu wa kutoa mzaha pale ambapo wengine wangetoa jibu. Naye alikuwa na sheria yake, iliyojulikana kama ile ya mkewe. Hakutengeneza kitu cha kuwekea vitu mpaka avione vitu vyenyewe. Ukitaka rafu, umpelekee vitabu. Ukitaka kabati la viatu, uje na viatu. Kuna mteja aliwahi kumletea viatu vya ukoo mzima ndani ya gunia, na seremala akavipanga sakafuni jozi kwa jozi, akavipima bila kucheka. "Lete mzigo nipime," alizoea kusema. "Mimi sitengenezi hewa."

Walikuwa na mtoto mmoja, binti. Alizaliwa kabla ya siku zake, mdogo kama kinda la ndege, na jina hilo la Kinda likamganda hata alipokua akampita baba yake kwa urefu. Mwaka huo alimaliza shule, akafaulu vizuri, na safari ya chuo ikawadia.

Kwa Sista hilo halikuwa na mjadala. Kinda angekwenda chuo cha ukunga alichosoma yeye, katika mji ule ule, mbali, mwendo wa kutwa nzima kwa basi. Mkuu wa chuo hicho alikuwa rafiki yake waliyelala naye chumba kimoja enzi za usichana. Sista alimpigia simu akamwombea mwanawe nafasi, akaahidi kwa jina lake mwenyewe kwamba hatamwangusha. Habari zikaenea hospitali nzima, kuanzia mapokezi hadi chumba cha kufulia.

"Sasa tutakuwa na Sista wawili," muuguzi mmoja wa wodi yake alimtania. "Huyu mmoja tu anatutoa jasho!"

"Mjiandae," Sista alimjibu, na siku hiyo alitembea kama mtu aliyevikwa taji.

Maandalizi aliyafanya kama anavyofanya kila jambo, kwa mpango. Alimfundisha Kinda kutandika kitanda mpaka pembe za shuka zikakaa kama zimekatwa kwa wembe. Alimfundisha kunawa mikono hadi viwikoni, kupiga pasi sare bila kuacha mkunjo, na kuzungumza na mkubwa bila kutafuna maneno.

"Rudia pembe hiyo," alimwambia siku moja, akiwa amesimama mlangoni mwa chumba cha binti yake. "Mgonjwa atalalia uvivu wako."

"Ndiyo, mama."

"Jamani," seremala alisema akipita na ubao begani, "nyumba hii hata mito inalala kwa nidhamu."

Kinda alicheka, na Sista naye akacheka. Alikuja kukumbuka kicheko hicho baadaye, akajiuliza ni nani hasa alikuwa akichekwa.

Sare alizishonesha nyeupe, za kitambaa kizito kisichochuja haraka. Akazipeleka karakana pamoja na shuka, viatu na taulo, akaviweka juu ya meza ya kazi. "Huu hapa mzigo, Baba Kinda. Mtengenezee mwanao sanduku litakaloonekana limetoka kwenye nyumba ya watu."

Seremala alipima kila kitu taratibu, akaandika kwa penseli kwenye kipande cha mbao, wala hakumtazama.

Jumamosi, siku mbili kabla ya safari, Sista aliporudi kutoka zamuni alikuta sanduku limekamilika. Hata yeye, asiyesifia ovyo, alisimama. Mbao zilikuwa nyekundu, zimepigwa msasa hadi zikateleza, na pembe zimeshikana kwa meno yaliyochongwa, bila msumari. Alifunua kifuniko, akaanza kupanga sare. Zilikaa sawasawa, zimetoshana na nafasi yake kama mkono na glavu. Viatu vikapata mahali pake, shuka zikapata pake. Kisha akaona kwamba chini pamebaki nafasi. Aliingiza vidole, akainua ubao mwembamba, na chini yake pakatokea trei ndefu iliyotandikwa kitambaa kinene. Ilikuwa imechimbwa vishimo, kila kimoja na umbo lake.

Mumewe alikuwa akipiga randa pale pembeni.

"Baba Kinda, hapa chini panakaa nini?"

"Hapo? Miavuli."

"Miavuli? Mwanangu anakwenda chuoni au anakwenda kwenye gharika?"

"Ni nafasi ya akiba tu, Sista. Huwezi kujua."

"Akiba." Alilirudia neno hilo polepole. "Tangu lini wewe ukatengeneza hewa?"

Randa ilisimama. Mtu mwingine angechonga sanduku la kawaida, akaviringisha vyombo katika nguo na kuvisukuma chini, na siri ingefika salama. Seremala hakuweza. Mkono wake haukujua kufanya kazi hiyo ovyo, hata kwa ajili ya uongo.

Sista alipitisha kidole kwenye vishimo. Kimoja kilikuwa chembamba, chenye shingo pana kidogo. Kingine kilipinda mahali pa kushikia. Kingine kilikuwa kifupi, kinene. Alikuwa ameishi na maumbo hayo tangu aolewe. Alikuwa ameyafuta vumbi, ameyaondoa njiani, ameyakanyaga kwa bahati mbaya. Patasi. Msumeno. Randa.

"Mwite mwanao," alisema.

Kinda alitoka ndani, akaliona sanduku limefunuliwa, akasimama palepale.

"Nyoosha mikono."

Binti aliinyoosha. Viganja vilikuwa na sugu, na kwenye kidole gumba kulikuwa na kovu la mkato uliopona. Sista aliwahi kuuona mkato huo ukiwa mbichi, akaambiwa ni kisu cha jikoni, akaufunga mwenyewe kwa mikono yake. Alikuwa pia ameona vumbi la mbao kwenye nywele za mwanawe jioni baada ya jioni, akafurahi moyoni kwamba mtoto ana moyo wa kumpelekea baba yake chai. Mwanamke aliyeweza kumtazama mja mzito akiingia getini akajua kama atajifungua kabla ya asubuhi au la, alikuwa ameshindwa kusoma mikono iliyokuwa ikimpitishia sahani mezani.

"Nakwenda chuo cha ufundi, mama," Kinda alisema. "Useremala. Ni mji ule ule."

"Na nafasi niliyokuombea?"

"Nilimpigia simu mkuu wa chuo. Nikamwambia ampe mwingine."

"Lini?"

"Kabla hujashonesha sare."

Sista alizitazama sare, nyeupe, zimelala sandukuni pembe kwa pembe. "Na yeye hakuuliza kama mimi ninajua?"

Kinda aliinamisha kichwa. "Aliuliza. Nikasema unajua."

Hapo ndipo palipouma. Tangu siku hiyo rafiki yake alikuwa kimya, na Sista akadhani ni shughuli nyingi. Kumbe mwenzake alikuwa akimngoja apige yeye, aombe radhi kama watu wastaarabu wanavyofanya, na muda wote huo yeye alikuwa akitembea wodini na taji lake.

"Tulitaka tukwambie akishafika," seremala alisema. Alikuwa ameshika randa kifuani kama mtu anayejikinga. "Tuliogopa utashtuka."

"Nitashtuka." Sauti yake haikupanda, na ndiyo maana wote wawili walirudi nyuma. "Kwa hiyo mmenilaza kitandani. Mmesimama mlangoni mnanong'ona, mimi nikiwa nimejifunika shuka. Mimi!"

"Mama, ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo. Ningefoka, ningenuna, ningekula peke yangu. Halafu ningekaa chini nikauliza hicho chuo kina bweni la namna gani na nani anawalinda wasichana. Ninyi mmeninyima hata huko kukataa."

Kinda alianza kulia. Hakuna aliyemkumbatia.

"Sista," mumewe alisema, na safari hii hakukuwa na mzaha. "Wewe una cheti ukutani. Watu wanakuita barabarani. Mtoto alikuja hapa mwenyewe, akashika patasi, akaipenda. Ilikuwa mara ya kwanza mtu wa nyumba hii kupenda kitu changu. Sikutaka kukigawa."

"Kwa hiyo ukamficha."

"Nikamficha."

Angalau hilo halikuzungushwa. Sista alifunga kifuniko cha sanduku, akaingia ndani, na mpaka kesho yake maneno yake yote yalikuwa ya maji ya kuoga na chumvi.

Jumapili alasiri wauguzi wa wodi walikuja kumuaga binti. Walikuwa wamepanga hivyo zamani, na kuwazuia kungezua maswali. Sebule ilijaa kanga na vicheko, na juu ya meza wakaweka zawadi waliyochangia, kikoti cha sufu na boksi la glavu lililofungwa utepe.

"Mkunga wetu mdogo!" yule muuguzi mtani alipiga kelele. "Njoo hapa tukuusie. Usikubali walimu wakupige chenga, waambie mama yako ndiye aliyewazalisha wote!"

Watu waliangua kicheko. Kinda alimtazama mama yake, na seremala akaitazama sakafu. Uzi ulikuwa mkononi mwa Sista. Angeweza kunyamaza, glavu ziende, aibu ije baadaye kwa mdomo wa mtu mwingine. Angeweza pia kusema yote, na mwanawe na mumewe wakabaki mbele ya watu kama walivyombakiza yeye karakana.

Alisimama, akanyoosha gauni.

"Kinda haendi kwenye ukunga," alisema. "Anakwenda kusomea useremala. Ana mikono ya baba yake."

Muuguzi mtani aliweka kikombe chini. "Ehe! Sista, nawe ulijua, ukatuacha tubebe boksi la glavu?"

Alikuwa amewaambia wanawake habari nzito kuliko hiyo bila kupepesa macho. Sasa alipapasa utepe wa boksi la glavu. Kama angesema amejua jana, kesho wodi nzima ingeimba kwamba nyumba ya Sista ni nyumba ya mafichoficho, ambamo mama ndiye wa mwisho kujua.

"Nilijua," alisema. "Tangu mwanzo. Nilikuwa nangoja wakati wake. Na glavu zitamfaa, atazivaa wakati wa kupaka rangi."

Walicheka, na ikapita. Kinda alimtazama mama yake kwa shukrani iliyomfurika usoni, na Sista akageuza macho. Katika maisha yake ya kazi hakuwahi kumdanganya hata mgonjwa wa kufa, na sasa alikuwa amedanganya mbele ya wafanyakazi wake, kwenye sebule yake, chini ya cheti chake, ili awasitiri waliomdanganya yeye. Neno alilolisema lilikuwa lile lile Kinda alilomwambia mkuu wa chuo.

Jumatatu alfajiri alilipanga sanduku mwenyewe, kwa kuwa ndiye aliyeanza kulipanga. Alitoa sare. Akaweka patasi, msumeno na randa katika vishimo vyake, akafunga makali kwa bandeji ili yasimkate mtu atakayeingiza mkono bila kuangalia. Stendi alimshika mwanawe bega, akamwambia, "Ukifika, piga simu. Unipigie mimi kwanza, sio baba yako." Kinda akaitikia huku machozi yakimtoka, basi likaondoka.

Sista na mumewe walirudi nyumbani kila mmoja na njia yake. Seremala alipofika karakana alimkuta mkewe amesimama kwenye meza ya kazi, tayari kwenda zamu, viatu vyeupe katikati ya maranda. Juu ya meza kulikuwa na zile sare nyeupe, zimekunjwa.

"Mzigo huu hapa," alisema. "Nitengenezee sanduku."

Seremala akachukua futi. "La kufunga au la wazi?"

"La kufunga."

"Ufunguo mmoja au miwili?"

"Mmoja. Utakaa kwangu."

Alipima urefu, akapima upana, akainama kupima kimo. Sista hakuondoka. Zamu yake ilikuwa imekwisha kuanza, na hakuwahi kuchelewa, lakini alisimama pale pale akimwangalia hadi namba ya mwisho, ahakikishe safari hii hakuna nafasi iliyozidi.