Pumzi ya Kaka Yangu

Wajukuu zangu wamenichosha na jazi. Mji mzima wa Morogoro siku hizi ni jazi. Ukipita karibu na baa jioni, hata kama unakwenda zako kusali rozari, lazima usikie magitaa na matarumbeta, na mimi sina ugomvi na hilo, vijana wacheze. Ila juzi kijana mmoja wa bendi, rafiki wa mjukuu wangu, alikaa kwenye kiti changu, akanywa chai yangu, akasema kwa raha zake kwamba zamani za Mjerumani watu wa Uluguru walikuwa hawajui tarumbeta ni kitu gani, kazi yao kulima na kupiga ngoma tu. Nilitaka kumnyang'anya kikombe. Nikamwambia, mwanangu, bingwa wa tarumbeta katika milima hii alitoka tumbo moja na mimi, akafa hajaota ndevu za maana, na wala hakufa kwa mapenzi ya Mungu kama tulivyoambiwa. Hasira hii nimezeeka nayo na sitaki kuzikwa nayo.

Tulikuwa tunaishi kijiji cha misheni, juu mlimani, mahali ambapo asubuhi ukungu unaingia mpaka jikoni. Mapadre walileta matarumbeta kutoka kwao ndani ya sanduku la bati, wakachagua vijana wa shule wafundishwe. Wenzake walifundishwa kweli, tena kwa taabu. Kaka alionyeshwa pa kuweka mdomo, basi. Tangu utotoni alikuwa akifukuza nyani shambani huku anapuliza filimbi ya mwanzi, na wimbo akiusikia mara moja alikuwa ameshaumeza. Kanisani alizipiga nyimbo za padre vilevile zilivyo, zimenyooka, kwa adabu zote. Nyuma ya jiko la mama ilikuwa habari nyingine. Aliuchukua wimbo uleule, akauvunja, akauzungusha, akaupeleka mahali ambapo wanawake huimba wakipalilia, akacheza nao huko mpaka unadhani wimbo umempotea, kisha akaurudisha nyumbani kwa padre mzima kabisa. Mama aliacha kusonga ugali. Kitu hicho ambacho yule kijana anajivunia kwangu na suti yake ya kuazima, kaka alikuwa anakifanya nyuma ya jiko, miguu mitupu, muwa umelala kando unamngoja.

Masika ya mwaka ule reli ilipokuwa inakaribia mjini, akaanza kukohoa. Tulidhani ni baridi ya mlimani. Halafu akakonda, shingo ikabaki mishipa, na asubuhi moja nikaona damu kwenye majivu ya moto alipokuwa ametema. Mama alimwita mganga wetu. Sista wa dispensari naye akaja. Hao wawili walikuwa hawapatani hata kidogo, kila mmoja akimwona mwenzake mwuaji, lakini juu ya kaka walisema neno moja: asipulize. Apumzike, ale, asipulize kabisa mpaka kifua kifunge. Kaka akatii. Tarumbeta lilitundikwa juu ya uchanja penye moshi, akawa anakaa juani na kutudhihaki sisi tunaotwanga. Na alikuwa anapata nafuu! Hili nalisema kwa sauti kwa sababu baadaye watu walijifanya hawalijui. Mashavu yalirudi. Alianza kumsumbua mama kwamba akipona atataka mke, tena mnene.

Ndipo padre akaja, mwenyewe, kwa miguu yake. Mimi ndiye niliyemtolea kigoda. Alikuwa anajua Kiswahili, tena kizuri, na salamu zetu za Kiluguru alizimudu, na alikuwa kati yetu tangu mimi natambaa. Kwa hiyo nisiambiwe habari za ugeni. Alisema gari moshi lenye wakubwa linakuja kutoka pwani, reli imeshapita Mikese na sasa imefika mjini, na bwana mkubwa wa boma ameagiza bendi ya misheni isimame stesheni kuwapokea. Alijua kaka amekuwa akikohoa, lakini bendi bila kaka, alisema, ni makelele matupu. Hapo hakusema uongo, yalikuwa makelele.

Sasa hapa inabidi nieleze, maana watu wa mjini mmeshasahau. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama. Baba anamlea, anamlisha, anampenda, lakini mwenye usemi juu yake, aoe wapi, aende safari au abaki, ni mjomba, yaani kaka wa mama. Baba akitoa ruhusa peke yake amemvunjia heshima shemeji yake, amejitia katika mambo yasiyo yake. Mjomba wetu alikuwa anakaa Mlali, chini kabisa mlima unapoishia. Hilo sista alilijua. Mpishi wa padre alilijua. Hata mbuzi wa misheni, nadhani, walilijua.

Padre akamgeukia baba. Akamwuliza kama yeye, baba wa kijana, anaruhusu. Baba akainamisha kichwa, akatazama vidole vya miguu yake. Kwetu mzee akifanya hivyo amekujibu: jambo hili si langu, lipeleke kwa mwenyewe. Hawezi kuropoka mbele ya mgeni mkubwa kwamba ndani ya nyumba yake hana neno juu ya mwanawe, ni aibu. Anakaa kimya na kumngoja mwenzake aulize swali linalofuata, mjomba yuko wapi. Mtu yeyote wa kwetu angeliuliza. Padre akasema vizuri, akamshika baba bega, akamshukuru, akanyanyuka. Mama ndani alikuwa anatikisa kichwa mpaka kilemba kikamdondoka, lakini nani alimtazama mama? Na kaka, kijana anayeitwa na wakubwa wawili waliokwisha kuelewana, angesema nini? Alinyoosha mkono juu ya uchanja akatoa tarumbeta, akalipangusa masizi.

Mama akanivuta nyuma ya nyumba.

"Nenda Mlali," akaniambia. "Mwambie kaka yangu wanamchukua mtoto. Hata ukikaribishwa uji usikae chini."

Sikukaa chini. Nilimkuta mjomba shambani anavuna mahindi, nikampa shikamoo na habari kwa pumzi moja. Hakuuliza mara mbili. Alitupa hindi alilokuwa nalo mkononi, akanawa, akachukua fimbo yake, akasema twende moja kwa moja mjini, kwa sababu bendi itakuwa imeshateremka. Njia nzima alikuwa anasema peke yake kwa sauti ya chini kwamba padre si mtu mbaya, ataelewa, akimwona tu ataelewa. Nami nikaamini. Nilikuwa nawaza kazi yetu imebaki ndogo tu: mjomba afike, amshike kaka mkono, warudi nyumbani.

Stesheni ilikuwa imejaa watu wote wa mji, na bendera, na askari waliotuzuia kwa viboko tusisogee. Kaka alikuwa mbele kabisa ya bendi, kanzu nyeupe, mshipi mwekundu kiunoni. Na gari limechelewa. Bwana mkubwa wa boma hakutaka watu wakae bure, akaagiza bendi ipige. Wakapiga. Ukionekana moshi wowote kule mashariki, hata mtu anachoma magugu shambani kwake, wanaambiwa gari hilo, pigeni! Wanapiga. Gari hakuna. Jua lilikuwa la utosini na hapakuwa na aliyewapa hata kata ya maji.

Mjomba alimwendea askari kwa heshima. Akaeleza kwamba yule kijana ni mpwa wake, ni mgonjwa, na anaomba asemezane na padre, si ugomvi. Askari akasema padre ana shughuli, na kijana ametolewa na baba yake, kila mtu anajua. Mjomba akaanza kumweleza askari, mtu wa mbali huko, mambo ya ukoo wetu. Hebu fikiri. Askari akamwuliza anataka viboko hamsa ishirini au anataka kurudi nyuma. Mimi sikungoja, nikapanda juu ya gogo la reli nikamwita kaka kwa nguvu zangu zote. Akageuka. Akatuona. Alipomwona mjomba, uso wake ulifunguka, nao ndio uso ninaoukumbuka mpaka leo, uso wa mtu aliyeambiwa tua mzigo. Akalishusha tarumbeta.

Na gari likapiga honi.

Padre akainua mkono. Kaka akatutazama, akamtazama padre, akalirudisha tarumbeta mdomoni.

Wakapiga wimbo wa Kaisari wao. Wakubwa wakateremka na wake zao, na mama mmoja wa Kizungu mwenye kofia pana akamnyooshea kidole kaka, akataka asikie huyo tu. Padre, meno nje kwa fahari, akamwashiria. Kaka akapiga peke yake. Sijui ilikuwa hasira au nini, lakini hakuwapigia wimbo wao ulionyooka. Aliwapigia ule wa nyuma ya jiko. Aliuvunja wimbo wa Kaisari mbele ya watu wa Kaisari, akaushusha bondeni, akaupandisha mlimani, akapita nao mashambani kwa mama zetu, hata askari aliyetuzuia alisahau kiboko chake kinaning'inia. Nimesikia bendi zenu zote za mji huu. Kitu kama kile sijakisikia tena.

Yule mama akapiga makofi, akataka tena. Hapo padre angeweza kusema inatosha. Neno moja tu, tena kwa lugha yao wenyewe. Alimwashiria kaka apige tena.

Mara ya pili sauti ilikatika katikati. Kaka aliinama, akakohoa, na mbele ya kanzu yote ikawa nyekundu kushinda mshipi. Wageni waligeuzwa haraka wakapelekwa kwenye vivuli vyao kula. Ndipo askari akampisha mjomba. Sasa ruhusa ipo! Tulimbeba kwa machela, na tulipoanza kupanda kwetu mlimani, hata mto wa kwanza hatujavuka, alikuwa ameshakata roho.

Kanisani padre alihubiri kwamba Mungu amempenda zaidi yetu, akataka kuisikia sauti yake karibu. Mimi ni Mkristo, rozari ninayo shingoni hapa, lakini siku ile niliutazama ule uso wake mwekundu nikawaza, Mungu ndiye aliyesimama stesheni? Mungu ndiye aliyeinua mkono? Watu waliitikia amina. Baba aliitikia kwa sauti kubwa kuliko wote, maskini, na tangu siku hiyo hakumtazama mjomba usoni.

Tukawa kwenye matanga. Na matangani, kwa desturi yetu, wakaja watani, watu wa ukoo wa ng'ambo ya mto. Mtani hanuniwi. Kazi yake ni kuwachekesha wafiwa wasife na huzuni: atakula chakula chako, atalala kitandani kwa marehemu, atamwigiza alivyotembea na alivyosema, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Alikuja mama mmoja mnene, mfinyanzi wa vyungu. Alijifunga shuka jeupe kama kanzu, akatafuta kitambaa chekundu akajikaza nacho tumboni, akalitwaa tarumbeta tulilorudi nalo kwenye machela, akasimama katikati ya uwanja bega moja limeshuka, vilevile alivyosimama kaka. Watu wakaanza kucheka wakilia. Akapuliza, paaa! Kisha akakohoa, kikohozi kilekile cha kaka, cha chini, cha kukunja mgongo. Akapuliza tena, akakohoa tena. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini, na machozi yananitoka, kwa sababu tangu tumzike hapakuwa na mtu aliyekitaja kile kikohozi hadharani.

Padre alitokea katikati ya mchezo huo. Alikuja kulichukua tarumbeta, mali ya misheni. Akafoka kwamba tunamdhihaki marehemu, hatuna huruma. Yule mtani akakohoa tu. Padre alimtazama, nafikiri ndipo alipoanza kuelewa anachoigiziwa, maana sauti yake ilishuka. Akamgeukia baba.

"Kwa nini hamkuniambia alikuwa mgonjwa kiasi hiki?"

Baba akainamisha kichwa, akatazama vidole vya miguu yake.

 Mjomba aliinuka na fimbo yake.

"Baba Padre, ulipokuja kumchukua, ulimwuliza nani?"

Padre akamwonyesha baba.

"Huyo ni mume wa dada yangu," mjomba akasema. "Mwenye mtoto ni mimi. Nilikuwa Mlali. Binti huyu alifika kwa miguu yake, na wewe miguu unayo."

 Mtani akafungua shuka lake, akamsogelea padre, akamwekea tarumbeta mikononi, na alipozungumza hakuwa anaigiza tena.

"Chukua mali yako. Kikohozi chake kimo humo."

Padre alilishika kwa ncha za vidole, akaliweka mbali na mwili wake, akaenda nalo hivyo mteremko mzima hadi misheni. Likatundikwa ukutani karibu na mlango wa sakristia. Padre aliita kijana mmoja wa shule alichukue, kisha mwingine, kisha mwingine. Kila mmoja alimjibu kwa adabu kwamba amwulize kwanza mjomba wake.