Gari la Bibi Harusi Lilivyobaki Mogogosiek

Dada yangu Chebet alikuwa anaolewa Kimulot, na mimi, kwa mdomo wangu mwenyewe, nikajitolea kuwa dereva wa bibi harusi. Aliniomba kitu kimoja tu: nimfikishe kanisani salama na mapema. Basi nikapeleka gari likapakwa rangi upya. Breki zilikuwa zikipiga kelele tangu mwezi uliopita, lakini nani huona breki kwenye picha?

Ijumaa mchana niliondoka Nairobi, nikalala Bomet ili asubuhi nimpitie Chebet huko Kimulot. Njiani kila aliyegeuka kunitazama nilimpungia mkono, nikidhani ananionea wivu. Kumbe walikuwa wanasikia ile kelele.

Jumamosi saa mbili asubuhi, kwenye mteremko wa kuingia Mogogosiek, kelele iligeuka kilio. Nikaingia gereji iliyopakana na mashamba ya chai. Fundi Mwangi, ambaye wazazi wake walihamia huku kutoka Nyeri, alinisalimia kwa Kikipsigis, lugha ya kwetu. Nikamjibu kwa Kiswahili, maana Kikipsigis changu ni cha kuombea maji tu. Akanitazama kwa huruma.

"Nipakie grisi kidogo kwa breki isilie," nikamwambia. "Niko na haraka."

Wakulima watatu waliokuwa wakingojea pikipiki zao walicheka hadi mmoja akakaa juu ya mtungi wake wa maziwa, maana breki yenye grisi huteleza, haishiki. Mwangi hakucheka. Alifungua gurudumu, akanionyesha pedi za breki. Zilikuwa zimekwisha kabisa, chuma kinasaga chuma.

"Boss, hii gari ni maridadi sana," akasema. "Shida yake ni kusimama tu. Pedi zitatoka Kericho, zifike jioni. Na hapa mpaka Kimulot ni milima. Sikupi funguo."

Kweli, alikuwa amezitia mfukoni. Nilimwita mwizi, nikamtishia polisi. Wakulima wakanielekeza kituo kilipo, kwa upole kabisa. Nikampigia Chebet simu amkaripie, nikaiweka kwenye spika ili wote wasikie.

"Fundi," akasema Chebet, "wewe unaweza panda hiyo gari na mtoto wako?"

"Hapana, madam."

"Sasa nani atanipeleka kanisa?"

"Mimi. Niko na pikapu. Haina rangi, lakini inasimama."

"Kuja nayo. Na huyo ndugu yangu umweke nyuma."

Saa nne kasoro robo Chebet alishuka mbele ya kanisa akicheka. Mimi nilishuka nyuma na suti yangu, magoti yamejaa unga wa chakula cha ng'ombe. Mpiga picha akaniomba nisogee kando, nisiharibu picha ya bibi harusi na dereva wake.

Jumapili nikapitia gari langu. Mafundi wa huku hukurudishia kifaa kibovu ili ujue hukudanganywa, kwa hivyo Mwangi alinikabidhi pedi kuukuu zimefungwa kwenye gazeti.

"Ziweke sebuleni," akasema, "karibu na picha ya harusi."

Nilipofika mteremko wa kwanza nilikanyaga breki bila sababu, na gari likasimama. Nikamfikiria Chebet na gauni lake jeupe kwenye kiti cha nyuma. Niliona aibu kubwa. Nilikuwa nimemtayarishia dada yangu kila kitu isipokuwa kufika.