Posho ya Mjane Mwenzangu

Mume wangu alifariki Riyadh, miezi miwili baada ya chama kubadilisha kanuni zake. Kaka yake alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla, Jeddah. Wote wawili walikuwa madereva, na wote walichangia chama kile kile cha madereva wa kwetu. Lakini mke wa kaka yake, ambaye nimemwita dada tangu niolewe, aliangukia kanuni ya zamani: posho kila mwezi mpaka mtoto wa mwisho amalize shule, ilimradi asiolewe tena. Mimi nilipewa ya miezi sita tu. Baada ya hapo, nikaambiwa, niombe kwenye mfuko wa wahitaji.

Mfuko huo ulitaka kujua kila kitu changu. Kila baada ya miezi mitatu niliomba ruhusa hospitalini ninakofanya usafi, Riyadh, nikapanda basi mpaka Jeddah, nikakaa mbele ya kamati ya mfuko na karatasi ya mshahara mkononi. Wakati mmoja nilikubali zamu za ziada, msaada ukakatwa. Tangu hapo msimamizi akiniuliza kama nataka zamu, nilimwambia mgongo unaniuma.

Dada hakuulizwa lolote. Alikuwa akishona abaya kwenye duka moja mtaa wa Balad, na posho yake iliingia vile vile. Nikifika Jeddah nilifikia kwake, mtaa wa Al-Mahjar. Alinipikia, akanipa kitanda chake, yeye akalala chini. Nami nililala nikiitazama cherehani mpya aliyoinunua, roho inaniuma. Niliona hata mume wake alikuwa na bahati ya kufa mapema. Naona haya kuliandika hilo, lakini ndivyo nilivyowaza.

Siku moja katibu wa kamati aliniuliza kama nina dhahabu. Nikavua bangili yangu ya harusi, nikamwekea mezani. Hapo hasira ikanipanda. Nikamwambia kuna mjane mwingine mnayemlipa, na kuna mwanamume anakwenda kwake kila Ijumaa. Nilijua ni mchukuzi wa duka, anampelekea vitambaa. Hilo sikulisema.

Posho ya dada ikasimamishwa ili wachunguze. Nilipokwenda tena nilimkuta kwenye benchi tunalokaa sisi wahitaji, fomu magotini. Kwanza nilifurahi. Kisha nikaona palipotakiwa jina lake ameandika la marehemu mumewe, na chini yake hakuna kitu. Akaniomba nimsaidie, maana mimi ndiye mzoefu. Tulipofika kwenye swali la vitu vya ndani, nikashindwa kuendelea.

"Dada, ni mimi niliyesema."

"Najua," akajibu. "Katibu aliniambia ni mtu wa nyumbani. Andika cherehani moja."

Nikaandika. Halafu nikaingia kwa katibu, nikamweleza ukweli wa yule mchukuzi. Mwezi uliofuata posho yake ikarudi. Bado ananikaribisha, ila hanisimulii tena habari zake za kazini.

Mimi fomu nimeziacha. Nachukua kila zamu ninayopewa, na jioni miguu inavimba. Lakini nikimfikiria anavyopokea yake bila kuulizwa swali hata moja, wivu bado ninao, na sijui nitauacha lini.