Edda wa Ukurasa wa Sitini na Moja

Rispa alikuwa fundi cherehani ambaye hajawahi kuacha nguo katikati. Ukimletea gauni lililokatwa ovyo na fundi mwingine, atalisema gauni, atamsema aliyelikata, kisha atalishona mpaka likukae. Ndiyo maana watu wa soko la Rangwe walishangaa, mwaka ule wa 1965, kusikia kwamba kitabu kinataka kumshinda.

Cherehani yake ilikaa kwenye veranda ya duka la Suleman. Siku za soko alisoma riwaya kwa sauti. Filister, mwenziwe wa kazi, alitia vifungo. Wanawake waliomaliza kuuza mapema walitandika magunia wakaketi. Rispa alisoma sentensi kwa Kiswahili, akaigeuza kwa Dholuo, kisha akaisifu au akaitukana, kadiri ilivyostahili. Shule alifika darasa la tano tu. Kiswahili alikiokota Kisumu, kwenye nyumba za reli, alikoishi na mumewe Paul miaka sita. Hata walimu wa shule walikuwa wakisimama pale kumsikiliza, wakijifanya wanasubiri suruali zao.

Kitabu chenyewe kilikuwa cha Paul. Alikinunua Kisumu, akawa anakisoma kitandani alipougua, na alipokufa kilirudi nyumbani ndani ya sanduku pamoja na mashati yake. Ukurasa wa sitini na moja ulikuwa umekunjwa pembe. Hapo ndipo alipoishia. Rispa alitaka jambo moja tu kwa kitabu kile: apite alipopita Paul, ukurasa kwa ukurasa, mpaka kwenye kile kikunjo.

Basi akaanza, na kikamtoa jasho. Mwandishi alikuwa mtu wa pwani, na hadithi yake ilianza na mazishi kisha ikakaa pale pale kama punda aliyegoma. Mume amekufa, mke anaitwa Mwanaidi, na mwandishi anasema: "Mwanaidi akakaa eda."

Rispa akasoma Edda. Kwani angesoma nini? Kanisani kwake tu walikuwepo akina Edda watatu. Kwamba jina liliandikwa kwa herufi ndogo, tena kwa d moja, aliwasamehe wapiga chapa, watu huchoka. Akawageuzia wanawake: Mwanaidi akahamia kwa Edda.

Wakaanza kumngoja huyo Edda. Kurasa ishirini, hajatokea. Arobaini, hajatokea. Hapiki, hasalimu wageni, hajulikani ni shangazi au jirani. Jamaa wakija kumwita Mwanaidi harusini, wanaambiwa hawezi kutoka, yumo eda.

"Yumo ndani ya Edda namna gani, yawa?" Filister akauliza.

Siku walipofika kwenye kikunjo, Rispa alifuta mikono kwanza. Akasoma: "Eda ilipokwisha, Mwanaidi akaoga, akavaa nguo mpya."

Hata Rispa alikwama. Ilipokwisha? Mtu ni "alipokwisha". Huyu mpwani naye, ngeli zinamshinda kama sisi?

"Amemuua," Filister akasema. "Amemmaliza huyo mama, ameosha damu, amevaa nguo mpya. Na polisi wako wapi?"

Wanawake wakakung'uta magunia yao. Kitabu cha namna gani hiki, wakasema, mtu anauawa na mwandishi haoni. Wakamwomba Rispa asiwasomee tena. Naye, lazima isemwe, alitamani kulia. Alitazamia akifika kwenye kikunjo kile atamkuta Paul kidogo, na badala yake alikuta upuuzi.

Tena siku hizo hakuwa na nafasi ya kubeba upuuzi, kwa maana Jared alikuwa amekuja mara ya tatu. Jared alikuwa mdogo wake Paul, mtu mpole mwenye mke na ng'ombe wake. Wazee walimtuma amrithi mjane wa kakake, kama ilivyokuwa desturi, na walitaka jibu kabla ya mavuno. Rispa hakutaka kurithiwa na mtu yeyote. Lakini ukimwambia Jared "sitaki" umewatukana watu wa Paul wote, na nyumba yake na watoto wake wawili walikuwa katikati ya watu hao. Ukisema "bado" wanadhani unaringa. Alijaribu kusema kanisa linakataza; wazee wakamjibu kwamba kanisa halitamwezekea paa, na kweli paa lilikuwa linavuja. Mwanamke huyu aliyekuwa na neno kwa kila gauni hakuwa na neno la kumjibu shemeji yake.

Kwa hasira akaingia dukani na kile kitabu. Sainab, mke wa Suleman, alikuwa anapima sukari.

"Mama, chukua hii, funga nayo sukari," Rispa akasema. "Mimi nimechoka na Edda."

Sainab alikuwa mzaliwa wa Mombasa. Akafungua pale kwenye kikunjo, akasoma, akamtazama Rispa, akasoma tena. Kisha akacheka mpaka akashika mzani usianguke.

"Bi Rispa, eda si mtu. Mume akifa, mke hukaa eda. Anatulia ndani miezi minne na siku kumi. Hatoki ovyo, hajipambi, anamlilia mumewe kwa heshima."

"Na shemeji zake?"

"Shemeji, mjomba, mfalme, hakuna wa kumposa. Akija mtu anaambiwa yuko eda, anarudi kwake. Wala hajatukanwa."

Rispa akakitazama kile kikunjo. Akafikiria Paul kitandani, amefika hapo, amekunja ukurasa. Huenda usingizi ulimchukua tu. Lakini machozi yalimtoka kweli kweli, akayaacha yatoke. Kisha akanyoosha mkono.

"Nirudishie kitabu changu," akasema.

Jared alikuja Alhamisi, akaketi kwenye benchi, kofia mapajani. Rispa alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja.

"Shemeji, nimepata jibu. Waambie wazee niko eda."

"Edda yupi? Yule anayekaa Sori?"

Filister akageukia ukutani asionekane anavyocheka. Rispa hakucheka. Akamweleza yote, tangu wapiga chapa mpaka sukari, wala hakumficha kitu, hata ile miezi minne na siku kumi. Jared akahesabu kwa vidole.

"Lakini Paul ana miezi kumi na moja kaburini."

"Hiyo ni eda ya dini yao. Yangu ni ya kitabu alichoniachia Paul. Nitaimaliza siku nitakapomaliza kitabu."

Jared alilipeleka neno hilo kwa wazee. Walikuwa na jibu kwa "sitaki", na kwa "bado", na kwa "kanisa". Kwa "eda" hawakuwa na jibu, maana hakuna aliyewahi kulisikia. Mavuno yakapita wakilijadili.

Rispa aliwasomea wanawake vitabu vingine vingi kwenye veranda ile. Kile cha Paul alikiweka kwenye droo ya cherehani, na wajane wa Rangwe wakaanza kuja, mmoja mmoja, kuomba waelezwe vizuri hiyo eda inakaliwaje. Aliwaeleza, huku akiwapima magauni.

Mwaka wa 1968, kabla ya mvua, Jared alifika na mzigo wa nyasi bila kuitwa. Akapanda juu, akaezeka upande wote uliokuwa unavuja, akashuka jioni shingo imejaa vumbi. Rispa akampa maji ya kunawa, kisha uji.

"Shemeji," Jared akauliza, kibuyu mkononi, "siku hizi umefika ukurasa wa ngapi?"

"Sitini na moja."

Jared akanywa uji wake mpaka mwisho.

"Basi soma polepole," akasema. "Macho nayo yanaumia."