Mjomba Niliyemtaja Mwisho

Jamani, mnaponiona nimekaa hapa natafuna karanga msidhani nina sura ya kukaa mbele za watu, mimi aibu niliyoipata Katindiuka ingempata mwingine angehama wilaya. Nichekeni tu, ruksa, ila mniache nifike mwisho, maana huo mwisho ndio unaonifanya hadi leo nilale usingizi.

Mnajua nafundisha Kiingereza sekondari hapa Ifakara. Wiki hiyo niliwafundisha kidato cha pili msemo wa last but not least, yaani huyu namtaja mwisho lakini heshima yake si ya mwisho, nikawaambia kila mmoja autumie kwenye sentensi. Walinifurahisha sana. Hata yule msichana anayesinziaga dawatini aliandika kwamba kwao wanalima mpunga, mahindi na, last but not least, ufuta, ikakaa sawasawa kabisa, nikamwekea vema kubwa na kutoka darasani kichwa kimevimba kama vile msemo nimeutunga mimi.

Ijumaa yake ikawa sendofu ya Leokadia, jirani yangu pale Katindiuka, yaani sherehe ya kumuaga binti kabla ya harusi. Mshereheshaji waliyempanga akaamka na malaria, basi mama yake Leokadia akaja mbio kwangu akaniambia Mwalimu, wewe umezoea kusema mbele za watu, tuokoe. Nikakubali hata hajamaliza kuongea (mimi na maikrofoni, mnanijua).

Sasa hapa mnielewe vizuri. Baba yake Leokadia alifariki binti akiwa bado anatambaa, na aliyemlea na kumsomesha ni mjomba wake, Mjomba Kasiani, mkulima wa mpunga wa ng'ambo ya mto, upande wa Lupiro. Ndiye aliyetakiwa siku ile kumshika mkono binti na kumkabidhi kwa wakwe. Asiposimama yeye hakuna kukabidhi, na pasipo kukabidhi hakuna harusi kesho yake. Yote hayo nilikuwa nayajua, na mama mtu alishaniambia kabisa nianze utambulisho na mjomba. Mimi nikaona hajui ladha ya lugha. Nikaamua kwa akili zangu, bila kumuuliza mtu, kwamba mzee nitamweka mwisho ili nimpambe na ule msemo wangu, na wakwe waliotoka Kibaoni wajue kwamba na sisi huku shambani tumesoma.

Basi nikatambulisha wakwe, nikatambulisha mama, mashangazi, mwenyekiti wa kitongoji, jumuiya ya kanisani na kwaya, nikashusha pumzi, nikalegeza sauti kama ya redioni, nikasema, "And last but not least..." Na sherehe zetu mnazijua wenyewe, mtu akisikia mshereheshaji kafika kwa wa mwisho, anajua kinachofuata ni chakula. Vijana wakanyanyuka, viti vya plastiki vikaburuzwa, fundi muziki naye akadhani nimemaliza akafungulia wimbo, na mimi jina la mzee nikawa nalitaja nimefumba macho kwa raha zangu. Nilipofumbua, mjomba alikuwa amesimama peke yake, kofia mkononi, anatazama migongo ya watu waliopanga foleni ya wali. Akageuka taratibu, akaenda kukaa juu ya kinu kilicholazwa nyuma ya banda la wapishi.

Mara mama Leokadia akanivuta pembeni, ananiambia kaka yake anarudi Lupiro, amesema kama yeye ndiye wa mwisho basi wale waliotangulia kutajwa wamkabidhi mtoto wenyewe. Leokadia pale meza kuu akawa ameshasikia, wanja unamchuruzika mpaka kidevuni.

Mtu mwenye akili zake angekwenda kuomba radhi. Mimi nikarudi kwenye maikrofoni kufundisha.

Nikawaambia waheshimiwa wageni, tusielewane vibaya, msemo ule ni wa heshima, hebu tuutumie kwenye sentensi, nikaanza kuwatolea mfano, dada yangu alinunua sukari, majani na, last but not least, maziwa, nikaona nyuso zimenikazia, nikahamia Kiswahili, nikasema kwa kifupi anayetajwa mwisho ndiye mzito kuliko wote. Loo. Baba mkwe akashusha sahani yake mapajani, akauliza kwa upole kabisa, "Kwa hiyo sisi uliotutaja mwanzo ndio wepesi?" Watu wakaangua kicheko, yeye hakucheka, na mkewe akaanza kutafuta pochi yake chini ya kiti. Nikaharakisha kusema hapana, wote hapa tuko sawa, kuanzia wakwe mpaka wapishi. Hapo mpishi mkuu, Mama Sesilia, ambaye macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi tangu asubuhi na ambaye sikuwa nimemtaja popote, akasema kumbe na sisi tupo, akafunika sufuria, akaweka upawa juu ya mfuniko, akakunja mikono. Foleni ikasimama. Mjomba kasusa, wakwe wamenuna, wali umefungwa, bibi harusi analia, na mimi nikafungua mdomo nitoe mfano mwingine. Fundi muziki ndiye aliyenisogelea akaichukua maikrofoni mkononi mwangu, akaniambia Mwalimu, pumzika kidogo.

Nikaenda nyuma ya banda. Nikapiga magoti, shikamoo Mjomba, akaitikia marahaba bila kunitazama, na hamtaamini, nikaanza tena kumweleza maana ya ule msemo. Akainua mkono.

"Mwalimu, maana nimeielewa, umeieleza vya kutosha," akasema. "Ila jina langu sikulisikia. Huyu mtoto nimemlea mimi. Nilitaka siku hii moja watu wanyamaze, jina langu lisemwe, na yeye asikie."

Aibu ya kuchekwa nimeizoea, naikuta darasani kila siku, lakini ile ilinichoma vibaya, nikalia palepale chini kwenye majivu na gauni langu la kuazima. Nikamwomba radhi. Kisha nikaenda kwa Mama Sesilia nikamwomba radhi na yeye, nikamweleza alichoniambia mzee, naye akachukua upawa wake akaugonga kwenye mfuniko mpaka watu wote wakarudi kukaa na muziki ukazimwa. Nikapewa maikrofoni kwa masharti (fundi muziki alisimama ubavuni kwangu kama askari). Sikuweka neno hata moja la Kiingereza. Nilisema, "Yule aliyekaa kule nyuma anaitwa Kasiani. Ndiye aliyemlea Leokadia," nikanyamaza.

Kukawa kimya kabisa. Leokadia akavua viatu, akashuka meza kuu, akapita katikati ya watu mpaka kwenye kinu, akapiga magoti. Huyu binti maisha yake yote alimwita mjomba. Siku ile alimwambia, "Baba, njoo unikabidhi."

Mzee akainuka, akajifuta uso kwa kofia, akamshika mkono. Alimkabidhi jamani, wakwe walisimama kumpokea, baba mkwe akamkumbatia mzee, na Mama Sesilia akafunua sufuria. Mimi nilikalia kile kinu kilichoachwa, na kwa mara ya kwanza siku hiyo nikasikia njaa.

Harusi ilifungwa, na wana mtoto sasa. Mimi nikiombwa kusherehesha, huomba nipewe sahani za kuosha, na wakinilazimisha sana, kabla ya salamu nauliza nani amemlea bibi harusi huyu, kisha nalisema jina lake kwanza, watu wote wakiwa bado wamekaa na njaa yao.