Makro ya Shangazi

Shangazi yangu ana hofu moja tu duniani, nayo ni kushinda nyumbani na mume wake. Si kwamba hampendi. Anampenda sana, ila kwa awamu. Mume mwenyewe ni mwalimu wa hesabu aliyestaafu, mtaa mzima tunamwita Mwalimu, na mtu aliyefundisha miaka thelathini na tano hanyamazi kwa sababu tu ameagwa na kupewa saa ya ukutani. Siku hizi mwanafunzi wake ni mmoja. Anamfuata kutoka jikoni hadi sebuleni akimweleza namna ya kukunja taulo.

"Pembe kwa pembe, mke wangu. Siyo pembe kwa bahati."

Ndiyo maana kile kiti chake cha mbao pale dukani, chenye mto alioushona mwenyewe kwa mabaki ya suti za watu, usikichukulie kama kiti. Ni kimbilio.

Duka letu ni la ushonaji. Mimi ni mkataji, yeye ni karani wa vipimo. Mteja akiingia, Shangazi anamzungushia utepe, halafu vipimo vinakwenda kwenye kompyuta, kila mteja na ukurasa wake ndani ya faili moja. Kurasa zilikuwa mia mbili na kumi na mbili, zimejipanga mstari mmoja chini kwenye kioo cha kompyuta, na zote zilikuwa na majina ambayo kompyuta yenyewe ilizipa: Ukurasa 1, Ukurasa 2, mpaka mwisho wa dunia. Shangazi hakuona haja ya kuzipa majina mengine. Alijua kichwani nani yuko wapi, na mimi nilimwamini, kwa sababu ukibishana na shangazi yako utashtaki kwa nani?

Ikaja siku akachanganya ukurasa wa sabini na nane na wa themanini na saba. Nikakata suti ya bwana harusi mrefu kwa vipimo vya bwana mmoja ambaye akikaa kitini miguu haifiki chini. Kijana wa watu alipoivaa, suruali ilimwishia kwenye ugoko. Akasimama mbele ya kioo kama mtu anayejiandaa kuvuka mto. Tulishona upya siku mbili mfululizo, vidole vikavimba.

Bosi hakupiga kelele. Ni mwanamke wa miaka thelathini na minne, alirithi duka kwa marehemu baba yake, na bado anakuja kazini na koti la mzee, mikono imekunjwa mara mbili. Alimwita Shangazi pembeni, ila pembeni ya duka letu ni hatua tatu kutoka kwenye meza yangu ya kukatia.

"Shangazi, mimi nakuheshimu. Lakini faili hili lisipopangika mpaka mwisho wa mwezi, nitatafuta karani aliyesomea kompyuta. Wewe utapumzika nyumbani."

"Nyumbani," Shangazi akarudia, kama mtu aliyesomewa hukumu.

Habari ilifika kwa Mwalimu kabla ya chakula cha jioni. Kesho yake ukutani pa sebule palikuwa na ratiba, imepigwa rula, ya maisha mapya ya mkewe. Saa mbili, kukunja nguo. Saa tatu, marudio.

Shangazi aliitazama ratiba ile, akaja kazini, akaanza kujifunza makro. Makro, kama alivyonieleza, ni maagizo unayoiandikia kompyuta mara moja tu, halafu inayatekeleza yenyewe mara mia bila kununa. Alijifunza kwa video, saa ya chakula, akiwa amevaa visikilizio, na kwa kuwa hakuisikia sauti yake, alimjibu yule mwalimu wa kwenye video kwa kelele. "Subiri, baba! Unakimbilia wapi?" Wateja walizoea. Hatua zote aliziandika kwenye daftari la mistari, kwa kalamu, kama mtu anayenakili dawa ya kikohozi.

Wiki ya tatu makro ikazaliwa. Kazi yake ilikuwa hii: iingie kila ukurasa, isome kilichoandikwa kwenye kisanduku cha juu kabisa, iupe ukurasa jina hilo, kisha izipange kurasa zote kwa alfabeti na kuandika orodha yake ukurasa wa mbele. Aliijaribu kwanza kwa majina halisi ya wateja. Ikakwama. Kompyuta haikubali kurasa mbili zenye jina moja, na sisi tuna wateja tisa wenye jina moja na la baba pia moja, sijui wazazi wao walipanga.

Basi Shangazi akageukia majina ya kazi. Hapa lazima nikiri, dhambi ni yangu. Mkataji hana haja ya kujua mteja anaitwa nani, ana haja ya kujua mwili wake una siri gani. Kwa hiyo miaka yote nilimwomba Shangazi aandike pale juu neno la kunikumbusha, naye akawa anaandika: Kwapa Lisibanwe. Suruali Ianzie Kifuani. Mguu wa Kushoto Mvivu. Mficha uchi hazai, na mbele ya utepe wa Shangazi hakuna anayeficha kitu. Uzuri wa majina hayo ni kwamba hayagongani, maana hakuna miili miwili iliyoharibika kwa namna moja.

Moja tu lilileta ubishi. Daktari wetu wa meno ana kitambi, na kila akipimwa anakirudisha ndani, kwa hiyo alikuwa ameandikwa "Amepungua au Amevuta Pumzi?" Kompyuta ikakataa alama ya kuuliza. Shangazi akafikiri kidogo, akafuta swali, akabakiza jibu: Amevuta Pumzi.

Akabonyeza. Kurasa zikatetemeka, zikajipanga. Sekunde nne! Shangazi alivua miwani, akaifuta, akavaa tena, akanikumbatia mpaka pini za kwenye kola yangu zikamchoma.

"Mwanangu, sirudi nyumbani!"

Siku ya maonyesho ilikuwa Jumamosi, duka limejaa. Shangazi alitegemea kumwonyesha Bosi pale mezani, wawili tu. Lakini Bosi naye ana mambo yake. Alikuwa amenunua televisheni kubwa ya ukutani ya kuonyeshea vitambaa, na siku hiyo alitaka wateja waone kwamba duka la marehemu limeingia karne hii. Akachomeka waya wa kompyuta kabla hatujasema neno.

"Wapendwa wateja," akasema, "Shangazi wetu atawaonyesha teknolojia."

Niliona mkono wa Shangazi unasita. Kisha nikaona ameikumbuka ratiba. Akabonyeza.

Orodha ikatokea ukutani, herufi kubwa, na jina la kwanza kabisa kwa alfabeti lilikuwa Amevuta Pumzi. Daktari wa meno alikuwa ameketi benchi la mbele.

Orodha ikateremka yenyewe hadi majina ya mwisho. Kisha mtu mmoja akasoma kwa sauti, "Shingo Imehama," akacheka mpaka akashika ukuta, wala hakujua kwamba shingo yenyewe ni yake. Nyani haoni kundule. Benchi zima likaanza kutafuta jina la jirani. Daktari ndiye aliyecheka kuliko wote. "Huyu aliyevuta pumzi ni nani? Mwacheni apumue, jamani!" Na alipocheka hivyo, kitambi kikasahau kurudi ndani, watu wakamtazama, naye akajitazama. Akavuta pumzi.

Bosi alikuwa amechomoa waya, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Hapo akasimama Matroni wa hospitali, mama mmoja mzito wa maneno, ambaye manesi wake wote wanashonewa kwetu.

"Mimi ni yupi hapo?"

Nilitamani kuingia chini ya meza ya kukatia. Shangazi akakohoa.

"Wewe ni Bega la Kubeba."

"Maana yake?"

"Bega lako la kulia limeshuka, mama. Vidole viwili. Ni la kuinulia wagonjwa. Kila gauni lako tunalijazia kidogo hapa, ukae sawa. Sikutaka kukusumbua nalo."

Matroni akalishika bega lake, polepole. "Ndiyo maana ya kwenu tu ndiyo hayanivuti," akasema. "Miaka yote hiyo nilidhani ni kitambaa." Akaketi, akatoa leso.

Bosi alisubiri mpaka jioni, mteja wa mwisho alipotoka. Nilijifanya nakusanya vipande vya nguo. Shangazi alikuwa ameshautia mto wake kwenye mfuko, na mimi moyo uliniuma kuliko nilivyotarajia.

"Na mimi nimo humo?" Bosi akauliza.

"Umo."

Shangazi akafungua ukurasa ulioitwa Koti la Baba. Chini ya jina hilo palikuwa na sare ya shule, umri miaka sita, urefu na kifua, vimenakiliwa kutoka daftari la zamani la marehemu. Chini yake miaka saba. Chini yake nane. Sare, magauni, joho la kuhitimu, gauni jeusi la msiba, halafu lile koti, limepunguzwa mara tatu, isipokuwa mikono, ili limkae mtoto bila kuacha kuwa la baba. Bosi alisoma mstari kwa mstari kwa kidole, kama watoto wanavyosoma, na alipofika kwenye gauni jeusi kidole kikasimama. Kisha kikashuka mpaka mstari wa mwisho, wa mwezi uliopita.

"Kiuno kimeongezeka. Acha nafasi, usimwambie," akasoma, kisha akageuka. "Usimwambie nani?"

"Wewe, mwanangu."

Bosi akacheka huku machozi yanamtoka, akajitupa kwenye kiti kilichokuwa karibu, ambacho kilikuwa cha Shangazi. Alipogundua, akainuka upesi, akautoa mto kwenye mfuko, akauweka mahali pake na kuusawazisha.

"Kaa," akasema. "Jumatatu usichelewe. Na hiyo televisheni tutaonyeshea vitambaa tu."

Nilimsindikiza Shangazi mpaka kwake. Mwalimu alikuwa amesimama chini ya ratiba yake, na taulo mkononi, tayari kwa somo. Tukamweleza. Akaitazama ratiba.

"Na marudio?" akauliza, kwa unyonge ambao nusura unitie huruma.

Shangazi akavua viatu, akakaa, akanyoosha miguu.

"Utarudia mwenyewe, mume wangu. Pembe kwa pembe."