Siku Nyanya Alipokataa Kumtazama Mkwewe

Wiki jana nilipita kortini Makueni kuchukua karatasi fulani, nikakuta mabenchi ni yaleyale ya mbao. Niamini, rafiki yangu, hasira yangu ya utotoni nayo niliikuta palepale.

Nilikuwa darasa la nne. Alfajiri moja tulikuwa jikoni, nyanya akichemsha chai, mimi nikichambua ndengu, tulipomwona mume wa shangazi akiwafungua mafahali wetu wawili wa kulima. Nyanya hakupiga kelele. Kwa Wakamba wa rika lake, mama mkwe na mkwewe wa kiume hawakutazamana usoni wala kutajana majina. Wakikutana njiani, mmoja aliingia kichakani. Kufikia jioni mafahali walikuwa wameshauzwa sokoni Emali na kuchinjwa.

Siku ya kesi nilimbebea nyanya viazi vitamu na chupa ya chai. Mwendesha mashtaka alimuuliza swali moja tu: "Mama, aliyechukua ng'ombe wako yuko hapa? Tuonyeshe." Nyanya akajifunika uso kwa leso, akageukia ukuta. Hakimu akarudia swali kwa upole. Nyanya akazidi kuuelekea ukuta. Karani aliyekuwa akitafsiri alikuwa mgeni kwetu, hakuijua mila hiyo. "Shahidi ameshindwa kumtambua mshtakiwa," hakimu akasema, na kesi ikafia hapo. Mimi niliketi benchi la mbele, askari ameshanionya ninyamaze, nikamtazama yule mwizi akitoka huku anacheka.

Msimu ule tulilima kwa jembe. Mgongo wa nyanya haukunyooka tena mpaka tukamzika.

Siku hizi mama wakwe wanakula chapati meza moja na wakwe zao, wanapiga picha wamekumbatiana. Wapo wanaoililia heshima ile. Mimi namlilia nyanya, nyimbo zake za kanisa akipura mtama, harufu ya ng'ombe asubuhi. Heshima ile ilimlinda mwizi, na ife.

Juzi shangazi alinipigia simu akilia. Mumewe amefariki. "Wewe ndiye unajua kuongea, mwanangu. Kuja useme kitu kidogo kwa mazishi. Pasta amekupea dakika tano."

Nampenda shangazi. Nikamwambia nitakuja, na kwamba dakika mbili zitanitosha.